Jina Lililokwama Kitonga

Atupele alikuwa fundi mzuri, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu: alilijua hilo kuliko wateja wake. Makambako nzima, kuanzia mizani hadi stendi, kompyuta ikigoma watu walisema, "Peleka kwa Atu." Naye hakuwa na maswali mengi. Aliiwasha mashine mara moja, akasikiliza feni, akasema, "Njoo kesho asubuhi." Na kesho asubuhi ilikuwa imepona. Kwa hiyo Ijumaa ile ya Juni, mwaka 2074, Mama Lusungu alipoingia mlangoni na kompyuta yake imeviringishwa kwenye kitenge, kwa mara ya tatu sasa, Atupele alitamani ajifiche chini ya meza.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, Mama. Usiniambie."

"Nakuambia. Imefanya vilevile."

"Pale pale?"

"Pale pale. Kona ya nne ya mlima wa Kitonga. Ukungu unashuka, lori linanguruma, Baba Lusungu anapunguza gia, halafu kioo cheusi. Katoweka na lori lake."

Nyuma yake aliingia binti yake, Lusungu, na mtoto mgongoni aliyefunikwa gubigubi kwa ajili ya baridi, kinachoonekana ni kofia ya sufu tu. Lusungu hakuwa na muda wa salamu ndefu.

"Dada fundi, si wewe uliyesema hata Kitonga mbili zingepitika?"

"Ni mimi."

"Basi moja imetushinda."

Ilimchoma, maana ni kweli aliyasema, tena kwa mbwembwe. Wiki iliyopita alisoma ujumbe wa hitilafu, ukasema memori haikupatikana, akacheka. Hilo tu? Akachomeka kadi mbili mpya za memori, mashine ikawa na nafasi mara mbili ya mwanzo, akajipigia makofi mwenyewe. Sasa mashine ileile ilikuwa mezani kwake, imelala kimya.

"Kaeni," alisema. "Leo hamwondoki hapa mpaka amevuka."

*

Gemu lenyewe liliitwa Njia Kuu, gemu la malori. Lilitengenezwa zamani kwa ajili ya Windows, na kampuni iliyolitengeneza ilishakufa na kusahaulika. Makambako ya sasa kompyuta zote ni za Linux, kwa hiyo gemu na mashine havikuelewana lugha. Katikati yao iliwekwa programu ambayo mafundi waliiita mkalimani. Gemu likiomba kitu kwa Kiwindows, mkalimani anakiomba upya kwa Kilinuksi, analeta jibu, na mchezaji hajui kama kuna mtu katikati. Atupele aliipenda kazi ya mkalimani kuliko kazi nyingine zote. Kila siku alikuwa anawapatanisha watu wasiojuana.

Lakini Njia Kuu ilikuwa na jambo moja ambalo magemu mengine hayakuwa nalo. Ilimsoma mchezaji. Ukiliendesha lori lake miaka na miaka, ikajifunza unavyokata kona, unavyopiga honi, unavyokohoa kabla ya kuongea, basi siku usipokuwepo lori linaendelea kwenda na ndani yake yumo mtu anayeendesha kama wewe na kuongea kama wewe. Watu walimwita kivuli. Mzee Mgaya, mume wa Mama Lusungu, aliendesha lori la kweli miaka thelathini, Dar es Salaam mpaka Tunduma, na alipostaafu akaendesha la kwenye gemu miaka kumi na moja mingine, kila siku, kwa bidii ileile. Madereva walimwita Usizime. Popote aliposimama, kwa chai au kwa usingizi, injini aliiacha inaunguruma, na aliyegusa ufunguo wake alisikia, "Usizime! Injini inazimwa nyumbani tu!" Alifariki Novemba. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa Februari.

Na hapo ndipo penye shughuli yote. Katika ukoo wa kina Mgaya, mjukuu wa kwanza hupewa jina na babu yake, si mtu mwingine. Miezi minne sasa mtoto aliitwa Mtoto. Mama Lusungu alikaa kwenye lori la gemu pamoja na kivuli cha mumewe, akamwambia, "Baba Lusungu, una mjukuu, mpe jina." Kivuli kikakohoa, kikasema kile ambacho Mzee Mgaya mwenyewe angesema: "Tukishavuka Kitonga." Maana mlimani pale yeye hakuruhusu maneno. Redio ilizimwa, porojo zilikatwa, mambo mazito yalingoja juu. Tangu mwezi wa tatu lori lilipanda Kitonga, na tangu mwezi wa tatu halikufika juu.

"Mchungaji ametupa Jumapili hii ya kumbatiza," alisema Lusungu. "Ameshaahirisha mara mbili. Safari hii kasema hata kama ni jina la jirani, tulete."

*

Atupele alifungua faili la anguko. Kila programu inapokufa ghafla, mashine huacha nakala ya memori ilivyokuwa dakika ileile, na fundi anayejua kusoma anaweza kuona programu ilikuwa imeshika nini mkononi. Aliangalia kwanza nafasi iliyokuwepo. Nusu nzima ya memori ilikuwa tupu.

"Eti!" alisema kwa sauti.

"Nini?" Mama Lusungu alishtuka.

"Hapa panasema memori haikupatikana, na nusu nzima iko wazi haina mtu. Mama, mimi nilikosea. Ile niliyoongeza haikuwa na kazi yoyote."

Alishangaa jinsi maneno yale yalivyotoka kirahisi. Labda kwa sababu alikuwa ameshaanza kunusa kitu. Akaacha kuangalia ukubwa wa memori, akaanza kuhesabu vipande. Programu haipewi memori kwa mkupuo. Inapewa vipande vipande, hiki hapa, kile kule, na mashine inaandika kila kipande. Hesabu ilipita kwenye kioo, ikasimama. Elfu sitini na tano, mia tano na thelathini. Kamili, hakikuzidi hata kimoja.

Atupele alisimama, akakaa tena. Alipiga kofi mezani mpaka mtoto akashtuka mgongoni.

"Nimekukamata," alisema.

"Dada fundi, tuambie na sisi."

"Hivi. Chukua mjumbe anayegawa viwanja. Ardhi iko tele, lakini daftari lake lina mistari elfu sitini na tano na mia tano na thelathini. Mistari ikiisha, anakwambia hakuna kiwanja. Kumbe ardhi ipo, daftari ndilo limejaa. Kikomo hiki kimekuja na Linux ya mashine hii tangu mwanzo, na kwa kazi za kawaida kinatosha na kubaki. Mimi nikaenda kuongeza ardhi!"

Mama Lusungu alicheka, mara ya kwanza tangu aingie. "Sasa huyu mume wangu viwanja vyote hivyo anavifanyia nini?"

Hilo ndilo swali Atupele naye alikuwa anajiuliza, na jibu alilipata baada ya robo saa. Kwenye ramani ya gemu, kuanzia bandarini mpaka Tunduma, kila mahali Mzee Mgaya alipowahi kusimama kwa miaka kumi na moja kulikuwa na lori ambalo halikuzimwa. Gemu lilidhani yumo ndani, likalihifadhi lori na kila kilichokuwemo: redio ilivyokuwa inaimba, mvua iliyokuwa inanyesha, alichokuwa anasema. Malori elfu mbili na mia moja na kumi na manne, kila moja limeshika vipande thelathini, yote yanaunguruma mpaka leo. Kufika Kitonga, na ukungu wake na kona zake, mlima uliomba vipande elfu tatu kwa pamoja. Havikuwepo.

"Masikini, Baba Lusungu," Mama alisema taratibu. "Injini zote hizo."

*

Ni wakati anayafuata malori yale ndipo Atupele alipoona kitu ambacho hakukitafuta. Kwenye vipande vya mwisho kabisa, vile vya kona ya nne, kivuli kilikuwa kimeshaandaa cha kusema juu ya mlima. Kiliandikwa wazi, herufi kubwa, mara tatu kwa maanguko matatu: TASILO.

Alikifunga kile kidirisha haraka, lakini macho yameshasoma, na Lusungu hakuwa mjinga.

"Umeona."

"Nimeona vipande."

"Umeona jina. Uso wako umebadilika, dada, usinifanye mtoto. Tuambie tuondoke. Mchungaji anangoja, mama anaumwa miguu kwa kuja hapa, na mimi nimechoka kumwita mwanangu Mtoto."

Kiapo cha mafundi wa vivuli ni kirefu na Atupele alikisahau karibu chote. Mstari mmoja hakuusahau: kilichomo kwenye memori si chako kukisema. Lakini ilikuwa Ijumaa saa nne, na mbele yake walikuwepo wanawake wawili waliochoka, na neno lenyewe lilikuwa moja tu, la silabi tatu.

"Sikilizeni," alisema. "Nitawaambia ukweli, halafu Mama ataamua. Faili la kivuli limeanguka mara tatu, na kila anguko limelijeruhi. Likianguka la nne halitafunguka tena. Na kunakili kivuli mnajua ni marufuku nchi nzima, mtu mmoja asije akawa wafu wawili. Kwa hiyo hatuna akiba."

"Eeh," alisema Mama Lusungu.

"Njia ya kwanza, nafagia. Nazima yale malori yote kwa pamoja. Atapanda Kitonga kama anateremka, hata kikohozi hatakohoa. Ndiyo shida yenyewe, Mama. Kikohozi chake kiko kwenye malori yale. Namna anavyokuita imo mle. Atakayefika juu atajua kuendesha, na jina atachagua kwenye orodha ya gemu."

"Hilo hapana."

"Njia ya pili, naongeza mistari ya daftari. Nabadilisha namba moja, kikomo kinakuwa milioni na ushee, tunapanda naye kama alivyo. Nina hakika na hesabu yangu. Lakini hata wiki iliyopita nilikuwa na hakika."

"Na ya tatu ni kutuambia," alisema Lusungu, "na hakuna kinachopotea."

Moyoni Atupele alijua binti ana haki, na hilo ndilo lililomsumbua. Akilisema, jina litakuwepo Jumapili, kivuli kitabaki salama chini ya mlima, na kila mtu atalala. Alimgeukia Mama Lusungu, akaona mama amekunja mikono mapajani, anaitazama mashine.

"Miaka arobaini," alisema Mama, "yule mtu alikuwa njiani. Habari zake nilizisikia kwa wengine. Kapita Mikumi, kaharibikiwa Ruaha Mbuyuni, kaonekana Mafinga. Watu walimwona wao, wakaniletea mimi maneno. Sitaki na hili niletewe. Mwanangu, kama unalijua, limeze. Mimi napanda naye."

"Mama, akipotea je?"

"Atakuwa amepotea akiwa anapanda na mimi. Hilo halijawahi kutokea, nitashukuru."

Lusungu aligeukia ukutani akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Atupele aliandika namba mpya, akaisoma mara tatu, akabonyeza. Safari hii hakujisifu, na hakuhitaji, maana hesabu aliiona kwa macho yake.

*

Walianzia Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu vya barabarani. Kioo cha kwanza kilionyesha barabara na mikono ya dereva kwenye usukani. Kioo cha pili Atupele alikiweka upande wake, kinaonyesha namba moja tu, idadi ya vipande.

"Umekaa vizuri, Mama Lusungu?" Sauti ilikohoa kwanza, halafu ikauliza.

"Nimekaa, Baba Lusungu."

"Tunaingia mlimani. Maneno baadaye."

Lori lilishusha gia, likaanza kupanda. Siku zote Lusungu alimsubirisha mtoto nje ili mama yake apate utulivu, lakini leo nje palikuwa na baridi kali, na Atupele alishasema hawaondoki. Kona ya kwanza, elfu sitini na nne. Kona ya pili, vipande vikaongezeka mia sita. Ukungu ulianza kushuka kwenye kioo. Kona ya tatu. Ndipo mtoto, ambaye hakujua sheria ya babu yake, akaangua kilio.

"Shh, shh," Lusungu alimtikisa, ameiva uso kwa woga. Kilio kikazidi.

Kona ya nne. Elfu sitini na tano, mia nne. Mia tano. Mia tano ishirini na tisa. Mia tano thelathini.

Mia tano thelathini na moja.

"Pita, mzee," Atupele alinong'ona. "Pita, nafasi ipo."

Elfu sitini na sita. Elfu sitini na saba. Lori lilikata kona ya nne likaiacha nyuma, likakata ya tano, ukungu ukafunguka, na jua la gemu likaingia kwenye kebini. Mbele yao barabara ilinyooka kwenda Ilula. Mama Lusungu aliziba mdomo kwa mikono miwili. Atupele alirusha ngumi hewani, akakumbuka ana wageni, akaishusha.

Lori lilipunguza mwendo, likaingia pembeni, likasimama. Injini iliunguruma.

"Nani analia kwenye gari langu?"

"Mjukuu wako," alisema Mama Lusungu.

Kikohozi.

"Huyo ndiye? Ana sauti, anafaa kuwa honi. Wa kike au wa kiume?"

Mama na binti walitazamana. Miezi minne walimwambia habari za mjukuu, uzito wake, siku aliyozaliwa, mvua iliyonyesha siku ile, na hili hakuna aliyemwambia.

"Wa kike, baba," alisema Lusungu kwa sauti ndogo.

Atupele alilikumbuka lile jina la kiume alilolisoma. Tasilo. Alibakiza kidogo tu kulisema.

"Basi lile nililokuwa nalo haliwezi," kivuli kilisema. "Nilijua dume. Ngoja." Namba kwenye kioo cha pili ilicheza, ikapanda mia mbili, ikashuka. Mtoto akanyamaza kusikiliza. "Mama Lusungu, wewe uliitwa nani kabla sijaanza kukuita hivyo?"

"Umelisahau?"

"Sijalisahau. Nataka nilisikie kwako."

"Nyangeta," alisema, na ilikuwa kama anamtaja mtu aliyemwona zamani sana.

"Nilimwoa Nyangeta, nikamwacha nyumbani, nikaenda Tunduma. Niliporudi nikamkuta Mama Lusungu. Huyu mtoto mwiteni Nyangeta, nipate kumwita kila siku."

Mama Lusungu alilia waziwazi, bila kujificha, huku anacheka. Lusungu alimshusha mtoto mgongoni akamweka mapajani mwa bibi yake, na bibi akamsogeza karibu na kioo.

"Haya, Baba Lusungu. Ilula chai ipo. Utakunywa huku inaunguruma, kama kawaida yako?"

Ile mikono kwenye usukani ilikaa kidogo. Halafu wa kulia ukashuka kwenye ufunguo.

"Leo nyumbani kote kumo humu kwenye kebini," alisema. "Niiache inaunguruma nikimngoja nani?"

Akazima.

Kwenye kioo cha pili namba ilianza kushuka. Elfu sitini, hamsini, thelathini. Atupele aliruka kwenye kibodi, akidhani linaanguka, akaona siyo. Kutoka bandarini mpaka Tunduma malori yalikuwa yanazimwa moja moja, kwa mkono wa mwenyewe, na kilichokuwa ndani yake hakikupotea. Kila lori lilifunga vitu vyake na kuvileta kwenye kebini ile moja ya Ilula. Hakuna fagio lililowahi kufanya kazi safi namna hiyo. Hesabu ikasimama kwenye elfu nne na kidogo. Kwenye spika ulisikika upepo wa Ilula, kijiko kinakoroga kikombe, na kikohozi.

*

Waliagana mlangoni saa saba. Mama Lusungu alishika mkono wa Atupele kwa mikono yote miwili. Lusungu alibaki nyuma kidogo, Nyangeta mgongoni, kofia yake imeteleza sikioni.

"Dada Atu. Lile uliloliona wewe lilikuwa jina gani?"

Atupele alikuwa ameshalifuta faili la anguko, la kwanza, la pili na la tatu. Alimrudishia mtoto kofia yake.

"Mimi niliona vipande," alisema.